Saa Moja na Nusu ya Lugembe

Alasiri ile bado ninayo kichwani. Mdogo wangu Sospeter alikata roho nyuma ya pikapu, nje ya uwanja wa ndege wa Mwanza, amelala mapajani mwangu, na tiketi zetu za Dar es Salaam ziko mfukoni mwa shati langu.

Mwanangu, ngoja nirudi nyuma kidogo.

Tulikuwa vijana, tunachimba dhahabu Geita kwenye duara, shimo la mtu anaitwa Lugembe. Namtaja, sioni haya. Shimo lake ofisa madini alishalifunga, yeye akatuingiza hivyo hivyo. Saa tatu asubuhi mwamba ukamwangukia Sospeter tumboni. Tukamtoa yuko hai, anaongea.

Mama Limi, aliyekuwa akitupikia pale machimboni, akapiga kelele, "Hospitali ile pale, bati zake zinaonekana! Mnangoja nini?"

Lugembe alijua hospitali wangetaka fomu ya polisi, na polisi wangeuliza shimo la nani. Akanivuta pembeni.

"Hapa watamchezea tu. Mabingwa wako Dar. Ndege ni mwendo wa saa moja na nusu tu, chai ya Mwanza haijapoa tumboni mmeshafika."

"Lakini bosi, Dar ni mbali."

"We umewahi kupanda ndege? Basi nyamaza."

Nikanyamaza. Niliishia darasa la nne, nikaona wenye kujua ni wao. Na nikuambie linaloniuma zaidi: nilifurahi kidogo. Ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kupanda ndege.

Kumbe saa moja na nusu ni ya ndege ikiwa angani. Hakuna aliyehesabu kutafuta mafuta ya pikapu, wala barabara ya vumbi, wala foleni ya kivuko, maana daraja lilikuwa bado, wala kukata tiketi mjini Mwanza kwa hela aliyotupa Lugembe. Tukiwa majini Sospeter akaniuliza, "Kaka, tumeshapaa?" Nikamwambia bado, vumilia. Uwanjani tumefika saa tisa. Dada wa mlangoni akamwangalia mara moja tu, akasema mgonjwa wa namna hii hapandi bila barua ya daktari. Daktari yupi, na tulimpita asubuhi? Tukawa tunageuza gari tumkimbize hospitali ya mjini, akaacha kupumua.

Mwanangu unayekwenda machimboni, mtu akikutajia saa za safari, muulize zinaanzia wapi. Hesabu kuanzia pale mgonjwa alipolala mpaka mkono wa daktari umguse. Na akikusukuma mbali wakati msaada uko jirani, jiulize anaficha nini. Uliza hata kama hukusoma. Mimi niliona aibu kuuliza, nikazika.

Mungu akutoe shimoni na pumzi yako, akurudishe kwa mama yako unatembea kwa miguu yako.

Na wewe Lugembe, najua uko hai. Mama yetu yuko Kolandoto, mzee sasa, bado anauliza kwa nini mwanawe alipitishwa mbele ya hospitali. Jibu si langu kulitoa, ni lako wewe. Njoo ukae mbele yake umwambie.