Kumshukuru Dada Mbele ya Watu

Watoto wa darasa la sita hawanitishi hata kidogo. Nasimama mbele ya hamsini, nawagombeza, nawachekesha, nawafundisha sehemu za ua mpaka kengele inalia. Lakini niweke mbele ya watu wazima kumi, unipe maiki, ulimi unakauka na magoti yanaanza mambo yao. Nimekuwa hivyo tangu ujana, na hakuna kitu kilichonikasirisha maishani kama hicho.

Wala sikutaka kuwa mhubiri au mwanasiasa. Nilitaka jambo moja tu: kusimama mbele ya watu wa kwetu, hawa waliotuona tukikua, nimshukuru dada yangu akiwa anasikia.

Dada ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba. Baba alipofariki, Dada alikuwa darasa la saba. Akaacha shule, akajifunga kikapu mgongoni, akaanza kuchuna chai pamoja na Mama, na kila nilichosomea kikatoka kwenye vidole vyake. Utomvu wa majani uliviachia weusi ambao sabuni haikuuweza. Nyumbani tuliambiwa alijitolea mwenyewe. Mama alilisema hilo kwa fahari kila mgeni alipokuja, nami sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilifanyiwa sherehe ya shukrani. Hema lilipigwa, ng'ombe akachinjwa, viti vya plastiki vikaazimwa kanisani. Sasa, huku kwetu hotuba haianzi mpaka uwataje wakubwa: mchungaji, chifu, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa senta ya kupokelea majani chai, wajomba kwa kufuata umri. Ukimruka mmoja itasemwa mpaka mwaka ujao. Niliwaandika wote kwenye karatasi, na Dada nikamweka chini kabisa, nikiamini kwamba atakayetajwa mwisho ndiye watu watakayeondoka naye. Ujinga wa kijana. Niliwasalimia wakubwa wote jasho likinitiririka, chifu nikamsalimia mara mbili, halafu mvua ya saa nane ikaanza kupiga hema. Mshereheshaji akanipokea maiki kwa heshima zote na kumwita mchungaji aombee chakula.

Dada hakuwa hata hemani. Alikuwa jikoni na akina mama wakipakua wali. Jioni aliniuliza kama nilimtaja. Nikamwambia nilimtaja, na watu wakapiga makofi.

Baada ya hapo ikawa kesho, kesho. Siku ya harusi yangu nilisema nitaongea, nikaishia kumsukumia msimamizi wangu. Jumapili nazo zina wakati wa ushuhuda. Nilikuwa nashika benchi la mbele ili niinuke, na kabla sijainuka mtu mwingine alikuwa amesimama, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mke wangu alinitania kwamba nilisomeshwa mkono, mdomo ukasahaulika nyumbani. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Akacheka sana, maana wakati huo mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameshaingia sekondari.

Mwaka jana Dada akaanza kukabwa na ugali. Huku kwetu mtu akianza kukabwa na chakula hatuhitaji kuambiwa. Ugonjwa huo wa koo umepita nyumba nyingi. Alikuwa ameuficha miezi, akiloweka ugali kwenye maziwa na kunyamaza. Tulipompeleka hospitali, daktari alituita pembeni mimi na mke wangu, akasema tumrudishe nyumbani, tumpe uji mwepesi na dawa ya maumivu. Nilitoka pale nikiwa nimejichukia. Miaka yote hiyo nilikuwa namwekea mtu akiba ya maneno, na sasa alikuwa anaondoka.

Nilimwomba mchungaji nafasi Jumapili ya pili yake. Siku zilizobaki nilifanya mazoezi shambani, nikihutubia mistari ya chai huku nikichuna, mpaka jirani akamuuliza mke wangu kama niko sawa. Salamu za wakubwa nilizikata zote. Mke wangu akaniambia wazee watanuna. Nikamwambia wacha wanune.

Siku hiyo Dada aliletwa na gari la jirani. Alikaa benchi la mbele na blanketi mabegani, amekonda mpaka leso ilikuwa inamzunguka mara mbili. Nilisimama. Magoti yalitetemeka kama kawaida yake, lakini sikukaa. Nilianza naye moja kwa moja, na wazee wakageuziana macho.

"Huyu dada yangu aliacha shule kwa hiari yake," nikasema. "Hakuna aliyemlazimisha. Alinipa masomo yake kwa mkono wake mwenyewe, na mimi sijawahi kumwambia asante mbele ya watu. Leo namwambia."

Niliendelea kwa dakika kumi hivi, sikutazama karatasi hata mara moja. Wanawake walilia. Mzee mmoja nyuma akasema kongoi, shukrani kwa lugha yetu, na kanisa zima likaitikia. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikadhani ni machozi. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Watu walinishika mkono mpaka nje ya lango, na mchungaji akasema sasa yeye apate mapumziko, mhubiri amepatikana.

Nilimrudisha Dada nyumbani, nikamlaza, mke wangu akaenda kupasha uji. Akaniashiria nikae karibu, kwa sababu sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba sana.

"Umesema vizuri, mwalimu," akasema. "Lakini mimi sikujitolea. Nililia siku tatu. Mama akampa msichana wa jirani sare yangu ili nisiitafute, na kila asubuhi nikawa nampisha njiani akiwa ameivaa, mimi na kikapu."

Nilikosa mahali pa kuweka macho. Nikamwambia Jumapili ijayo nitasimama tena niseme ukweli wote.

"Mama yuko kaburini," akasema. "Usimwaibishe. Na mimi nimechoka. Wacha ibaki hivyo."

Uji ulipoletwa alikunywa vijiko viwili, akageukia ukutani. Sikuomba msamaha. Nilikaa tu pale nikimtazama mgongo, na mpaka leo sielewi kwa nini sikuomba.

Tulimzika wiki tano baadaye, kwenye kipande cha ardhi kilicho juu ya shamba la chai. Wasifu uliandikwa na vijana wa kanisa, na kwa kuwa hotuba yangu ilikuwa imewagusa, waliichukua neno kwa neno: aliacha shule kwa hiari yake, hakuna aliyemlazimisha. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Halafu mshereheshaji akaniletea maiki, niseme kwa niaba ya familia. Nilisimama mbele ya mamia ya watu, magoti yangu yakiwa yametulia kabisa, nikawaambia kwamba yote yaliyosomwa ni kweli.