Kokuhirwa Aliyeipangisha Hasira Foleni

Mara ya kwanza nilipofanya biashara na Kokuhirwa nilinunua mikungu mitatu mizuri ya ndizi kwa bei ya mkungu mmoja na nusu, na sikuhitaji akili nyingi. Nilimuudhi tu.

Ilikuwa mwaka 1972, njia panda ya Buhembe, pale wanawake walipokuwa wakitua mizigo na kutusubiri sisi wenye baiskeli tuliopeleka ndizi soko la mjini Bukoba. Kazi hiyo nilikuwa nimeianza mwaka wa Uhuru kwa baiskeli ya kuazima, na sasa nilikuwa na zangu tatu. Katika miaka ile ya Ujamaa watu wa aina yangu tuliitwa walanguzi, kupe, wanyonyaji, na mengine yaliyokuwa yakisemwa redioni. Sikugombana na mtu kwa ajili ya jina. Nani angebeba ndizi kupeleka mjini, redio?

"Chane za chini zimedumaa," nilimwambia Kokuhirwa siku hiyo.

"Macho yako ndiyo yamedumaa," akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Nikaona kwa ndizi simwezi. Lakini habari zake nilikuwa nimezisikia, nikajaribu upande mwingine. "Pole, mama. Ungekuwa bado kwenye kibanja chako cha Muleba usingeuza hivi vya kuokoteza. Kile siku hizi anakivuna nani?"

Lo! Uso ulimvimba. Alimtukana shemeji yake, akawatukana wazee wa ukoo, akanigeukia mimi, na mwishowe akaupiga teke mkungu wake mwenyewe. "Chukua! Chukua yote uondoke mbele yangu, kupe wewe! Nipe chochote!"

Nilimpa chochote.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume wake alifariki, na shemeji yake, Rugemalira, akakichukua kibanja, lile shamba la migomba na kahawa, kwa kuwa ni mali ya ukoo na mwanamke hakuachiwa mtoto wa kiume. Alikuwa naye mmoja, lakini mtoto huyo alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, akazikwa humo humo kati ya migomba. Kokuhirwa akarudi Buhembe kwa kaka yake, akamegewa kipande cha shamba. Alikuwa mkulima hodari. Lakini kila aliyemtajia Muleba alimwasha kama nyasi kavu, na sisi wachuuzi tulikuwa na kiberiti. Kwa mwaka mzima na zaidi nilinunua ndizi zake kwa njia hiyo, na sikuona aibu. Soko ni soko.

Kilichokuwa kikimla zaidi ni tumbo. Lilimchoma kama moto, maharage hayakukaa, usingizi haukuja. Zahanati alikuwa kama mpangaji. Nesi wa pale, Felicitas, Mlutheri mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, ndiye pia aliyefundisha kisomo cha watu wazima siku za Jumanne na Ijumaa. Siku moja akamwambia, "Ma Kokuhirwa, dawa ya tumbo nimekupa mara tano. Sasa herufi unazijua. Chukua daftari hili. Kila asubuhi, kabla hujaenda njia panda, andika ukurasa mmoja wa kile kinachokuuma. Usinionyeshe. Usimwonyeshe mtu."

"Niandike matusi?"

"Kama ndiyo yaliyomo, andika matusi."

Mimi hayo sikuyajua wakati huo. Nilichoona ni kwamba mwanamke alianza kuchelewa kufika njia panda, vidole vyake vimechafuka kwa penseli, na daftari amelichomeka kiunoni kwenye kanga. Siku ya kwanza nilimtajia Muleba, akatukana kidogo. Wiki ya tatu akaninyamazia, kisha akasema bei yake ile ile ya mwanzo. Wiki ya sita alikuwa akitafuna maharage ya kuchemsha huku akinisikiliza.

"Unasemaje, Ta Kagaruki? Malizia, nakusikia."

Hapo nikaingiwa na woga, na si wa ndizi tu. Zile zilikuwa siku ambazo mtu angeweza kuandikwa jina lake likafikishwa kwa Katibu wa Kata, na mlanguzi akaondoka na polisi. Nikamvuta pembeni. "Mama, mimi nimo humo daftarini?"

"Umo. Kuanzia ukurasa wa nne."

"Nikupe nini unikatie kurasa hizo? Sabuni? Chumvi?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia nipite nyumbani kwake kesho yake asubuhi. Nikapita na miche miwili ya sabuni. Nikamkuta jikoni akichana kurasa alizokwisha kuziandika na kuwashia moto wa uji. Jina langu niliona likiungua kwa macho yangu, herufi kubwa kubwa zilizolala upande.

"Hutunzi?" nikauliza.

"Ukishatapika, waitu, unafunga kwenye jani la mgomba ukaweke kabatini?"

Nikamwuliza, basi, kama unachoma, faida iko wapi? Nilitaka kujua hasa, kwa sababu kitu hicho kilikuwa kinanilia faida yangu. Akafikiri huku akikoroga uji. "Mdomo wangu una mbio," alisema. "Hasira ikifika mdomoni imekwisha kutoka. Lakini mkono wangu ni mzito, ndiyo kwanza umejifunza. Neno moja linachukua muda wa kumenya ndizi mbili. Kwa hiyo hasira inafika mkononi inakuta foleni. Inasimama. Ikisimama naiangalia vizuri, naona hii ni ya Rugemalira, hii ni ya mtoto wangu, na hii ndogo ya pembeni ni ya Kagaruki. Zamani zote zilitoka pamoja, na aliyekuwa mbele yangu ndiye aliyepata."

Nililipokea hilo kama ninavyopokea habari za bei kupanda. Sabuni aliichukua.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Upande wa Kagondo kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana iliyohitaji mikungu arobaini kila wiki. Miaka mitatu nilikuwa mimi ninayeipelekea. Mwaka 1975 bodi ya shule ikatangaza kwamba inataka kununua kwa wakulima wenyewe, ila kama wataweza kutimiza hesabu bila kukosa; wasipoweza, nibaki mimi. Kokuhirwa akawakusanya wanawake tisa wa darasa la kisomo, akaomba. Akiipata, hao kumi hawangesimama tena njia panda kunisubiri. Akiikosa, wangerudi kwangu, na mimi ningejua la kuwafanya.

Tukaitwa siku moja, chumba kimoja. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee Privatus, katekista, mtu wa kuuliza maswali polepole. Kokuhirwa alikaa kwenye benchi na nguo yake ya kanisani. Nilipopewa nafasi niliusifu uaminifu wangu, baiskeli zangu, kisha nikatoa kiberiti.

"Huyu mama namheshimu," nilisema. "Lakini ana kichaa cha hasira, Buhembe nzima inajua. Akikasirika anapiga teke ndizi zake. Siku hiyo wasichana watakula nini? Kama mnadhani nasema uongo, mwulizeni kuhusu kibanja cha Muleba. Mwulizeni na kaburi la mtoto."

Wajumbe wa bodi walitazamana. Hata mimi nilijua la kaburi lilizidi, ila lilikuwa limekwisha kutoka.

Mzee Privatus akamgeukia. "Mama, unataka kujibu?"

Mkono wa kulia wa Kokuhirwa ulikuwa juu ya goti. Niliona kidole kinatembea juu ya kitambaa, pole pole, kama mtu anayeandika. Kikafika mwisho wa mstari. Akainua kichwa.

"Ni kweli nilipiga teke mkungu, na huyu bwana ndiye aliyeununua," alisema. "Kibanja kilichukuliwa na shemeji yangu. Mtoto wangu aliitwa Mushumbusi, amelala chini ya mgomba wa tatu kutoka mlangoni. Hayo nimeyaandika mara nyingi, mzee, sasa naweza kuyasema nikiwa nimekaa. Kuhusu mikungu arobaini, tuko kumi. Kila mmoja minne. Akiugua mmoja, tisa waliobaki wanagawana yake. Ta Kagaruki akiugua, nani anagawana yake?"

Mzee Privatus aliniangalia. Nikataja tena baiskeli zangu tatu.

Wakapewa wao. Nje, wale tisa waliokuwa wakisubiri chini ya ukingo wa paa walipiga vigelegele, wakamwinua Kokuhirwa miguu ikaacha ardhi, na mmoja, Immakulata, akaniita: "Kupe! Leo umekuta ngozi ngumu!"

Wiki iliyofuata Kokuhirwa alikuja kwangu. Ndizi anazo, shule anayo, baiskeli hana. Tulipatana usafiri asubuhi nzima, nikamjaribu kwa kila nilichokijua. Alinisubiri nimalize, akarudia neno lake. Nilikubali malipo ambayo miaka miwili nyuma ningeyachekea.

Basi hesabu ni hii. Kibanja cha Muleba hakukipata, Rugemalira alikula kahawa yake mpaka akazeeka. Lakini shule walikuwa nayo miaka saba, Kokuhirwa akajenga nyumba ya bati, akanenepa, akala maharage kila siku ya Mungu. Mimi nilipoteza shule, nikapata ujira wa kubeba, mdogo lakini hauchelewi. Na kiberiti changu kilikwisha kazi kabisa, kwa maana wanawake wote wa darasa lile walikuwa wameanza kuandika, na barabara yote ya Buhembe sikupata tena muuzaji wa kuudhi.