Zabibu za Pendo

Harufu ya zabibu zinazokaukia juani ni nzito, ina utamu ulioanza kuchacha, na huvuta nyigu kutoka usikokujua. Hadi leo nikipita mahali zilipoanikwa, kinachonijia kwanza si hamu ya kula. Ni wivu. Niwaambie ukweli: kuna mwaka nilimwonea wivu mdogo wangu.

Tuliishi mtaa wa Nkuhungu, mimi, Mama na Pendo. Baba alikuwa dereva wa lori, tukimwona kwa nadra. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Pendo tisa. Muhula ule Pendo alianguka kifafa darasani mara mbili, na mara ya pili akajikojolea. Baadhi ya watoto walicheka, wengine wakakimbia wakipiga kelele kwamba mate yake yanaambukiza. Mama, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, akasema, "Basi. Atasomea hapa hapa nyumbani mpaka dawa zimkubali."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu: nyumbani.

Wiki mbili za kwanza Mama aliigeuza sebule kuwa darasa. Alipaka kipande cha mbao rangi nyeusi, akaandika tarehe, akafundisha kama zamani. Pendo alisinzia kwa dawa, na siku nyingine hata mwalimu mwenyewe alisinzia. Kisha Mama Mkubwa akatuletea ndoo ya zabibu kutoka shambani kwake. Wakizichambua, Pendo akauliza kwa nini zetu zimeoza nusu baada ya siku chache, wakati zabibu kavu za dukani hukaa miezi.

Mama akafunga kitabu. "Hilo swali sina jibu lake lote. Tulitafute."

Shule ya Pendo ikaanza upya kwa swali hilo moja. Hesabu ikawa kupima miguu ya vichanja vya kuanikia. Sayansi ikawa kuweka zabibu kwenye mzani kila jioni na kuandika zimepungua kiasi gani. Kiswahili kikawa kwenda na Mama sokoni Majengo, daftari mkononi, kuwahoji wauzaji. Mimi nilirudi saa tisa, soksi nyekundu kwa vumbi, kiganja kikiwaka fimbo ya kukosa saba mara nane, namkuta mwenzangu kabana misumari mdomoni kama fundi.

"Dada! Yule babu wa Kihindi wa duka la viungo kanionjesha zabibu za aina tatu! Na wale kina mama wa nafaka nimewaamkia kwa lugha yao, 'mbukwa', wakacheka, wakanipa karanga. Zako hizi."

Nilizila. Zilikuwa tamu, na utamu wake ukanikera.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa kicheko cha Mama. Nilikisikia tangu barabarani, na nikifika mlangoni kinakoma ili niulizwe kama nimekula. Nilijaribu na mimi kuumwa. Mama alinigusa shingo kwa mgongo wa mkono, akanikabidhi begi langu. Bibi yangu alizoea kusema kijicho ni moshi, humtoa machozi aliyewasha moto. Nilimwona Bibi hajui kitu.

Asubuhi ya siku ya nne tangu zabibu zianikwe, Mama akiwa jikoni, nilitoka kwenda shule nikaacha komeo la geti wazi. Mbuzi wa jirani walikuwa wameshaanza kuzurura njiani. Nilitembea haraka, na siku nzima niliketi darasani nikiwa na furaha mbaya, ile inayokausha midomo.

Niliporudi, vichanja viwili vilikuwa chini na chandarua kilichozifunika zabibu kimechanika. Pendo alikuwa amechuchumaa, akiokota zabibu moja moja kwenye mchanga. Hakuwa analia. Katika daftari alikuwa ameandika: "Siku ya nne. Mbuzi sita. Vichanja viwe virefu zaidi."

Mama alinitazama mimi. "Nani aliacha geti wazi?"

"Mimi," Pendo akasema, bila kuinua kichwa. "Nilitoka kumwaga maji."

Nilijiambia kwamba nina bahati.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa maji bombani, nikawahi kurudi. Chumbani nikasikia sauti kali kama ya mwalimu ikiita majina. Nilichungulia pembeni ya pazia. Pendo alikuwa amevaa sare yangu, sketi inamfika kwenye vifundo vya miguu, sweta limemeza mikono.

"Pendo?" akaita. Akakimbilia upande wa pili wa kitanda, akasimama wima. "Nipo, mwalimu!"

Akaendelea kuita. Yalikuwa majina ya darasa lake, wakiwemo wale waliomcheka. Akawaitikia mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake.

Sikuingia. Nilirudi uani kimya, nikatafuta nyundo, nikaanza kung'oa misumari iliyopinda. Alipotoka, akiwa amevaa gauni lake, nilimwambia tu, "Leta futi. Tufanye virefu." Tulivifanya. Zabibu za pili, alizotuletea tena Mama Mkubwa, zilikauka, nyeusi na zenye mchanga kidogo, tukazila zote wenyewe.

Mwaka jana, sote tukiwa watu wazima, nilikiri kwake kosa la geti. Alikuwa anakuna nazi jikoni kwangu, hata hakusita.

"Nilikuwa dirishani, nikakuona. Uligeuka nyuma mara mbili."

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Ungechapwa, halafu ungeninunia." Akagonga kifuu pembeni ya sinia. "Na mimi watoto wote walikuwa wameacha kuja. Nilikuwa na wewe tu."

Miaka yote ile nilidhani Pendo amebakizwa ndani kwenye raha na mimi nimetolewa nje. Hakuna siku niliyojiuliza kwa nini, mara nyingi nilipofungua geti, nilimkuta ameshasimama pale akinisubiri, ana maneno mengi na mkono umejaa karanga.