Njia ya Tano ya Papa Raphaël

Bwana wangu Marcellin alirudi kwetu Mushaki mwaka wa 1961, baada ya kazi ya miaka kumi na miwili kwenye gare ya treni ya Kindu. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa: hili njia hii, lile njia ile. Mutoto wetu mumoja tu, Raphaël, alibaki kule, akashika kazi ya baba yake. Sisi tukarudia maharagi na mihogo. Nilifikiri mambo ya treni yamekwisha. Weee! Nilijidanganya.

Marcellin akaanza kujenga treni ndogo mu nyumba. Reli za mianzi, mabehewa ya mikebe ya sardini, magurudumu ya vifuniko vya chupa, vyote vinavutwa na kamba ukizungusha mukono wa chuma. Siku ya Mungu, baada ya misa, watu walijaa kutazama. Lakini yeye hakuridhika.

"Mama Raphaël, treni haizunguki kama mbuzi kwenye kamba. Inatoka mahali, inaenda mahali."

Ndipo akajenga mulima wa udongo wenye tundu, na nyuma yake depo: njia nne ambazo watazamaji hawazioni, treni zinalala pale zikingoja zamu. Moja inaingia mulimani, ingine inatoka. Sasa, fundi wetu alipima vibaya. Treni ndefu iliingia, mukia ukabaki nje, watu wakacheka mpaka machozi. Basi, bila kuniuliza, akatoboa ukuta, akarefusha depo mpaka mu stoo yangu, chini ya rafu ya maharagi! Nilimupigia kelele mpaka jirani Rosalie akaja kuona nani amekufa. Marcellin akafunika depo na mukeka, akasema, "Usiguse, Mama." Kwa hasira sikugusa.

Mwaka wa 1964 vita vikaingia Kindu, barua za Raphaël zikakatika. Mwezi, miezi sita, mwaka. Mimi nililia. Marcellin alipinda mianzi. Nikamuuliza, "Wewe uko na moyo ao jiwe?" Akanijibu tu kwamba anaongeza njia ya tano. Nilimuchukia, nasema wazi.

Mwanzo wa 1966 kaka mukubwa wa Marcellin, Jean-Bosco, akatoka kwake Burungu, akafika kwetu.

"Tumengoja mwaka na nusu," akasema. "Tufanye matanga, tunyoe vichwa, tumuachilie mutoto."

"Hapana," Marcellin akasema. "Kwetu kwenye reli, hausemi treni imepotea mpaka gare ya mbele ijibu."

"Hii si muchezo wa mikebe!" Jean-Bosco akanigeukia. "Mama Raphaël, wewe unasema nini?"

Nilikuwa nimechoka. Nikasema matanga yafanywe, nikaingia mu stoo kupima maharagi ya wageni.

Kikapu kikanasa kwenye mukeka, ukainuka. Kwenye njia nne zilikuwa treni ninazozijua. Kwenye ya tano ilikuwa treni ambayo Marcellin hakuitoa hata siku moja. Behewa moja, na ndani yake muntu wa mbao mwenye kofia nyekundu, kama ile Raphaël alivaa kwenye gare. Reli zake zilikuwa zimepakwa mafuta, vumbi hakuna. Kumbe kila siku alikuwa anaisafisha. Nilikaa kati ya magunia, nikalia kwa sauti, na nikajionea haya kwa yote niliyomutukana. Kisha nikarudisha maharagi kwenye rafu, nikatoka.

"Shemeji, rudi Burungu," nikasema. "Gare ya mbele haijajibu."

Alikasirika sana, lakini akaenda.

Pasaka ikapita. Siku moja ya mvua, lori la muchuuzi Constantin likitoka Kashebere likasimama barabarani, muntu akashuka, mwembamba, bila kofia. Alikuwa amejificha porini miezi na miezi, amefika Walikale kwa miguu, kisha Kashebere, akapata lori. Nilimurukia Raphaël wangu, tukaanguka wote wawili mu matope. Na baba yake? Alimuona, akageuka, akakimbilia ndani!

"Papa Raphaël, mutoto amefika!" nikapiga kelele.

"Ngojeni hapo mulangoni!"

Tukasikia mukono wa chuma unazunguka. Treni ya njia ya tano ikatoka kwenye mulima polepole, na ile kofia nyekundu.

Raphaël alikuwa anatetemeka kwa baridi, maji ya mvua yanamutiririka. "Lakini Papa, mimi nimekuja na lori."

"Nyamaza," baba yake akasema, machozi yanamushuka, mukono haujaacha kuzunguka. "Ngoja isimame, ndipo ushuke."