Mguu Uliokuwa "Ndani ya Muda"

Asubuhi moja mama wa makamo aliingia ofisini kwetu kwa magongo, binti yake nyuma amembebea mto wa kulalia na chupa ya chai. Akaketi kwenye benchi la mapokezi, akasema hatoki mpaka tarehe yake ifike.

"Tarehe gani, mama?" dada wa mapokezi akamuuliza.

"Hata mimi siijui. Ndiyo maana nimekuja kuingojea hapahapa. Nikiwa nyumbani inanikimbia."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kicheko kile kilinitokea puani, na leo nataka niwasimulie bila kuficha kitu.

Nafanya kazi kwenye karakana inayotengeneza miguu na mikono bandia. Siyo fundi, msinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa kompyuta, mratibu wa kazi. Fundi anashika msumeno, mimi nashika kipanya.

Zamani tarehe zetu zilikuwa kwenye ubao mweupe ukutani. Mtu akiugusa kwa bega, mguu wa mteja unafutika. Ugomvi kwenye dirisha la wateja haukuisha.

Basi makao makuu wakatuletea programu ya kusimamia kazi. Kila mguu una ukurasa wake, kila hatua ina mhusika na tarehe ya mwisho. Ukichelewa, hatua inageuka nyekundu, na wakubwa wanaiona hukohuko waliko.

Meneja akaniita. "Sikiliza. Sitaki kuona rangi nyekundu hapa. Sijali utafanyaje."

Sijali utafanyaje! Mtu kama mimi ukinipa neno hilo umenipa leseni.

Nilijifungia wiki mbili na fomula zangu. Ukiandika tu siku mguu ulipoagizwa, programu yenyewe inahesabu tarehe zote. Vipimo siku mbili. Kuunda siku tisa. Kukagua fomu ya mteja siku moja. Kisha mteja anaitwa kujaribu. Inaruka Jumamosi, inaruka Jumapili, inaruka sikukuu. Safi kabisa.

Hapo ningeacha, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Nikaongeza kitu kimoja. Hatua isipowekewa tiki siku yake, programu inaiongezea siku tatu za kazi, inasukuma hatua zote zinazofuata, halafu inamtumia mteja ujumbe: "Tunajali muda wako. Tarehe yako mpya ni hii." Hakuna mkono wa mtu unaogusa.

Mnaona kilichotokea? Kabla hatua haijawa nyekundu, tarehe imeshasogea mbele. Hakuna anayechelewa, maana mstari wa kumalizia unahama kila ukikaribiwa.

Miezi mitatu mfululizo taarifa yetu ilisoma asilimia mia moja ndani ya muda.

Meneja alinikumbatia mbele ya watu. Picha yangu ikabandikwa karibu na mlango. Wenzangu wakaanza kuniita Profesa, na mimi bila aibu nikawa naitika.

Sasa rudi kwa yule mama wa benchini.

Nilitoka kumtuliza, kifua mbele. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akafungua daftari la miraba.

"Wewe ndiye wa tarehe?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Tangu nipimwe mguu hapa nimeletewa ujumbe mara kumi na moja. Tazama."

Alikuwa ameziandika tarehe zote kumi na moja kwa kufuatana, safi kama ubaoni. Kando ya kila moja alikuwa ametoa Jumamosi na Jumapili, akaandika tofauti. Tatu. Tatu. Tatu. Mpaka chini.

"Kazi ya mikono ikichelewa, leo inachelewa siku moja, kesho nne, keshokutwa haichelewi," akasema. "Hii inaongezeka tatu kila mara. Hakuna fundi anayechelewa hivi. Kuna mtu ameamua kujumlisha tatu. Nimekuja kumwona huyo mtu."

Jamani, nilihisi masikio yanapata moto.

Nikakimbilia kwenye simu yangu, nikafungua ukurasa wake. Rangi ya kijani tupu. "Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Mfumo unaonyesha mguu wako uko ndani ya muda."

"Muda wa nani?"



Akafunga daftari. "Mimi nakaa ghorofa ya tatu, na jengo letu halina lifti. Tangu nikatwe mguu nalala sebuleni kwa huyu binti yangu. Mume wake ni mtu mwema sana. Nikiingia wanazima maongezi, nikitoka wanaendelea. Nimechoka kunyamaziwa, mwanangu. Nataka kwangu."

Binti yake akatazama sakafu.

Nikajisemea hapa kuna mzembe, na mzembe ni fundi. Nikaenda karakana mbiombio, damu inachemka.

Fundi mkuu tunamwita Msasa, kwa jinsi anavyosugua kitu mpaka king'ae. Nilimkuta anapiga polishi mkono wa mtu.

"Msasa! Unaniaibisha. Mguu wa yule mwalimu uko wapi? Wiki ya ngapi hii?"

Alifuta mikono, akanipita, akafungua mlango wa stoo.

Kwenye rafu ya pili, mguu ulikuwa umesimama. Umekamilika, una kiatu, una lebo yenye jina lake. Juu una vumbi.

"Huo nilimaliza siku ya kumi na moja, kama kompyuta yako ilivyotaka," Msasa akasema. "Nikaweka tiki. Una wiki sita na ushee hapo. Nilidhani mteja hana haraka."

"Sasa umekwama wapi?"

"Unaniuliza mimi? Profesa ni nani hapa?"

Nikafungua tena simu, safari hii nikasoma hatua mojamoja. Vipimo, tiki. Kuunda, tiki. Kukagua fomu, hakuna tiki. Imesogezwa mbele mara kumi na moja.

Nikabonyeza nimwone mhusika.

Mhusika alikuwa mimi.

Nilibaki nimetoa macho. Halafu nikakumbuka. Siku ninatengeneza ile fomula, programu ilikataa kuhifadhi mpaka kila hatua iwe na jina la mtu. Ya kukagua fomu haikuwa na mwenyewe. Nikaandika jina langu, nijaribu tu, kesho nitabadilisha.

Kesho yenyewe ndiyo hii.

Na tusiseme programu haikunikumbusha. Ilinikumbusha kila siku! Ila ujumbe ulikuwa mwingi mno, ukanisumbua nikiwa nafanya mambo ya maana, kama kuandaa taarifa ya asilimia mia moja. Nikaelekeza ujumbe wote kwenye faili moja nililoliita "Baadaye". Nikalifungua palepale stoo. Kulikuwa na ujumbe mia nne na kitu.

Kukagua ile fomu kulinichukua dakika mbili. Mbili! Kuangalia jina, umri na upande wa mguu.

Tukamwita Mwalimu chumba cha kujaribia. Nilijipa moyo kwamba atavaa, atatembea, yaishe.

Msasa akapiga magoti, akamvalisha. Akautikisa. Akauvua. Akamvalisha soksi nene, akajaribu tena. Akauvua, akaniangalia vibaya mno.

"Haumshiki."

"Kivipi, na ulimpima mwenyewe?"

"Nilimpima wakati ule. Mguu uliokatwa hupungua, kila wiki unapungua. Hiki kikombe kinachoshika kigutu nilikiunda kwa saizi ya siku ile. Angeitwa kwa wakati, angevaa, tungerekebisha kidogokidogo. Sasa kinacheza. Akisimama nacho ataanguka." Akauweka kando. "Naunda kingine upya."

Kumbe mguu ulikamilika siku yake, ukaharibikia kwenye rafu, huku mfumo unaonyesha kijani.

Nilitamani sakafu inimeze. Ningeweza kusema ni hitilafu ya mtandao, mbona tunasema hivyo kila siku? Lakini yule mama alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili, amejiandaa kusimama, na hajaambiwa ashushe mikono.

"Mwalimu," nikasema, "aliyejumlisha tatu ni mimi. Na aliyekuwa anasubiriwa pia ni mimi."

Nikamweleza yote, mpaka faili la "Baadaye".

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliomba nimwonyeshe fomula kwenye simu. Akavaa miwani, akaisoma polepole kama anasahihisha mtihani.

"Hesabu umepata," akasema. "Swali ndilo umekosea. Uliulizwa mguu utakuwa tayari lini. Wewe umejibu jinsi ya kutoonekana umechelewa."

Akamgeukia Msasa. "Siku ngapi, fundi?"

Msasa akahesabu kwa vidole vyake vyenye gundi. "Tisa. Na kwenye kompyuta siandiki."

Siku ya tisa alimvalisha. Kikashika. Mwalimu alifanya mazoezi na muuguzi wetu wiki nne, kwanza baina ya vyuma viwili, kisha na fimbo. Siku aliyorudi kwake nilienda kumbebea begi. Ngazi arobaini na nane. Alipumzika mara tano, na kila nilipotaka kumshika mkono alinipiga jicho nikarudi nyuma. Mlangoni kwake alisimama, akatafuta ufunguo, akafungua, akaingia, akafunga.

Begi lake niliachiwa nje. Nikagonga. "Ah, samahani," akasema. "Nilisahau kuna mtu."

Lakini huko ofisini sasa.

Nilipotafuta kazi zote zilizokwama kwa jina langu, nilipata kumi na tisa. Miguu kumi na minne, mikono mitano. Nikaongeza safu mpya kwenye programu, nikaiita "tarehe tuliyoahidi", nikaifunga fomula yoyote isiiguse, na taarifa isome hiyo. Kisha nikaketi na simu, nikawapigia wote kumi na tisa kwa mdomo wangu.

Wengine walinitukana, ni haki yao. Mmoja alikuwa ameshapata mguu kwingine. Simu ya wa kumi na sita ilipokewa na mwanamke.

"Namtafuta mzee, mkono wake uko tayari," nikasema.

"Mume wangu tulimzika mwezi uliopita," akajibu. "Ila ujumbe wenu bado unaingia. Juzi mmemwambia mnajali muda wake."

Nilisema pole. Sijui nilisema nini kingine.

Mwisho wa mwezi taarifa ikatoka. Kutoka asilimia mia moja tukashuka arobaini na moja. Skrini nzima nyekundu kama nyanya.

Meneja aliingia bila kubisha. "Umefanya nini?"

"Nimeiambia programu ukweli, bosi."

"Nani alikuomba ukweli? Rudisha ile ya zamani."

"Hapana, bosi. Kuna mtu alikufa anangoja mkono."

"Angekufa hata akiwa nao!"

Sote wawili tukasikia jinsi neno lile lilivyotoka. Akakohoa, akaangalia dirishani. Kesho yake nikaondolewa kwenye kompyuta, nikapelekwa mapokezi, kazi yangu kupiga simu. Picha yangu ikabanduliwa.

Mnadhani yameishia hapo? Bado.

Nikaandika barua makao makuu. Kurasa tatu, nikaeleza fomula inavyofanya kazi, hatua kwa hatua, na kwa nini ni hatari. Nilijianika mwenyewe. Nikasubiri kufukuzwa.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea.

Walinishukuru kwa maelezo mazuri yaliyo wazi. Walisema walikuwa wanatafuta muda mrefu mtu wa kuwaeleza jinsi tawi letu lilivyofikia asilimia mia moja, na sasa wameelewa. Fomula imewekwa kwenye matawi yote saba. Wameipa jina langu.

Nimeipinga mpaka nimechoka. Wananiambia nina unyenyekevu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, chukua funzo kwa mtu aliyeumbuka. Mashine ikusaidie kuhesabu siku, sawa, lakini usiiruhusu ikusaidie kusahau kuna mtu anazihesabu upande wa pili. Na ukiona kazi yako haina doa hata moja miezi mitatu, usishangilie kwanza, uliza nani analisafisha.

Na kama kuna mahali unangojea kitu, na kila baada ya siku tatu unaletewa tarehe mpya na neno la kukujali, usikae nyumbani. Nenda. Uliza ni jina la nani limeandikwa kwenye hiyo hatua.

Ukitajiwa langu, nisamehe. Halafu kaa hapohapo, usitoke.