Kompyuta Niliyoihukumu Mwenyewe

Hapa Temeke, majirani walioinunua kompyuta ile mpya ya nyumbani waliiponda vibaya: eti inapata moto, kisha inazimika. Mie mbishi, siamini maneno ya watu. Nikanunua yangu, nikaipamba juu kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe, kama redio yangu, nikachapa barua siku tatu mfululizo. Kila ikifika nusu saa, inazimika.

Nikamwita fundi mbele ya majirani, nikafoka: "Mbovu hii!"

Fundi hakugusa hata skrubu. Alikivuta kitambaa, yakaonekana matundu ya hewa. "Mama, joto lote hili umeivalisha sweta?"

Nikacheka peke yangu. Mama Zuhura, aliyeanza kuiponda, alinikazia macho.

"Na kitambaa cha kompyuta yangu, si ulinifumia wewe?"