Kibanda Kisichozuia Mvua

Mehrunissa aliuza vitambaa mtaani Downsview miaka mingi, na hakuwahi kuchukua kitu kabla ya kukigeuza juu chini. Hata kuhamia kwa mwanawe kulikuwa kwa mapatano. Shamez alitaka akae kwake Richmond Hill, kwenye chumba cha chini, kile ambacho nusu yake imezama ardhini. Mama akadai mlango wake, jiko lake na ufunguo wake. Akapewa vyote. Lililobaki ni kusema ndiyo, na jibu lilitakiwa jioni ile ile.

Mchana jirani yake Melissa, Myahudi, akamburuta hadi ukumbi wa sinagogi lao. Kulikuwa na darasa la sanaa: kila mtu atengeneze kwa boksi kibanda cha sikukuu yao, kile wanachojenga uani na kula chakula ndani yake wiki nzima, ila akifanye kiwe mahali pake mwenyewe pa kutulia.

"Kazi ndogo hii," Mehrunissa alisema. Akakata, akagundisha, paa akaliziba kwa selotepu tabaka mbili. Tone lisingepita.

Melissa akacheka mpaka akashika meza. "Mehru, umeharibu! Paa ni matawi tu. Lazima uone nyota."

"Na mvua?"

"Tunalowa. Ikizidi, tunakimbilia ndani."

"Sasa hicho ni kimbilio au adhabu? Basi nipunguzie, nitoboe upande mmoja."

"Hapa hakuna kupunguziana, dada."

Maisha yake yote alilipia mapaa yasivuje, na leo watu wazima wanaliacha lao wazi makusudi, tena kwa furaha! Hakuelewa. Hata hivyo akalibandua paa lake, akapanga vitawi vya msonobari, akainama na kutia uso mlangoni mwa kibanda achungulie juu. Mwanga ukamfikia usoni kupitia majani. Akakaa hivyo hata Melissa akamgusa bega.

Shamez alipokuja kumchukua, aliuliza kabla ya kuwasha gari. "Haya mama, tumekubaliana?"

"Hicho chumba, nikilala naona nini?"

"Dirisha lipo. Unaona... tairi za gari la jirani."

"Basi bado. Nipe kile cha juu wanachochezea watoto wako, au niache nilipo."

"Mama! Juu hakuna jiko. Umeligombania mwezi mzima!"

"Lichukue jiko lako."

Shamez akamkodolea macho kama aliyepakia mama wa mtu mwingine. Mwenyewe pia hakujielewa. Hajawahi kurudisha kitu alichokwisha kukipata. Akakataa boksi la kibanda chake lisiwekwe kwenye buti, akalipakata. Walipofika nyumbani kwa mama mvua ilikuwa imeanza. Akashuka, akalifunika kwa mtandio, akapiga hatua chache, kisha, bila kujua kwa nini, akalifunua.